Namba Sita Nilizozisoma kwenye Simu ya Mke Wangu

Kosa ni langu. Naliweka hapa mwanzoni ili usije ukasoma nusu ya habari hii ukaanza kunihurumia. Nimehurumiwa sana na watu kwa jambo nililolifanya kwa mikono yangu mwenyewe, na huruma ile imenichosha kuliko matusi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, naishi Ihumwa, pembeni ya mji wa Dodoma. Jina langu sitalitaja, na la mke wangu ndiyo kabisa. Mtaani kwetu mimi ndiye mtu wa simu. Mama akipokea meseji asiyoielewa, anakuja kwangu. Mzee akisahau namba yake ya siri, analetwa kwangu. Sijawahi kumcheka mtu wala kumfokea. Nakaa naye barazani, narudia jambo moja mara tatu, mara nne, mpaka aseme mwenyewe kwamba ameelewa.

Nimewaambia watu kwamba benki haimpigii mtu simu kumuuliza namba ya siri. Nimewaambia zile tarakimu tatu zilizo nyuma ya kadi ni ufunguo wa nyumba yako. Nimewaambia namba ya uthibitisho ikiingia kwenye simu yako, iishie kwako, hata anayeiomba awe na sauti tamu namna gani.

Sasa mtu huyo huyo ndiye aliyewafungulia wezi mlango. Na si kwa kutojua. Ni kwa wivu.

Mke wangu ni Mgogo wa Chamwino, na anauza samaki wa bwawa la Mtera. Biashara yake inakwenda kwa simu na kuaminiana tu, hakuna mkataba wala karatasi. Jioni anampigia mtu mmoja aliyeko kule bwawani, anamwambia kesho anataka perege kiasi gani na kambale kiasi gani. Asubuhi yule mtu anawapanga samaki kwenye ndoo zenye barafu, anazipakia kwenye basi linalotoka Iringa, na kumtumia picha ya ndoo pamoja na namba ya basi. Mke wangu anaupokea mzigo mjini, anauza, kisha malipo yanakwenda Mtera. Neno lake ndilo dhamana yake. Akisema "tuma", samaki wanatumwa na mtu ambaye hajawahi kukanyaga nyumbani kwetu.

Huyo mtu wa Mtera naye ni Mgogo. Hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Mimi ni Mrangi wa Kondoa. Miaka yote ya ndoa yetu, Kigogo changu kimeishia kwenye "mbukwa", ile salamu ambayo hata mgeni wa siku mbili Dodoma anaijua. Mke wangu akiongea na mimi anaongea Kiswahili kizuri, cha utulivu. Akiongea na mtu wa Mtera anaongea Kigogo, na anakuwa mwanamke mwingine kabisa. Sauti inapanda, mkono unacheza hewani, anacheka mpaka anaegemea ukuta. Mimi nipo palepale mezani nasahihisha madaftari, na naweka alama ya vema mahali pa kosa.

Nilikuwa namuuliza wanacheka nini. Anajibu, mambo ya samaki. Nauliza tena, samaki wana kichekesho gani?

"Nikikutafsiria haitachekesha tena," aliniambia siku moja, bado machozi ya kicheko yako machoni.

Alisema kweli tupu. Mimi nilisikia mlango ukifungwa.

Nikaanza kumchukia mtu ambaye sijawahi kumwona sura. Picha yake ya watsapu ilikuwa ni kambale mkubwa aliyeshikwa kwa mikono miwili. Mwenye mikono haonekani. Jamani, nilikuwa naitazama ile mikono! Nilikuwa naipima, kama ni ya kijana au ya mtu mzima, kama ina pete au haina.

Na ujue kwamba mke wangu hakuwa ananificha kitu. Kinyume chake. Akiwa uani anapaa samaki, mikono imejaa magamba na utelezi, simu hashiki. Meseji ikiingia huniita, "Baba, nisomee hiyo." Nami nasoma kwa sauti, ananiambia nijibu nini, najibu. Simu yake nilikuwa naishika kuliko yeye. Ila mtu wa Mtera haandiki, yeye hutuma sauti, na sauti zenyewe ni Kigogo mwanzo mwisho. Kwa hiyo nilikuwa na ufunguo wa nyumba nzima isipokuwa chumba kimoja, na nikakosa usingizi kwa ajili ya chumba hicho.

Kuna jambo jingine. Watsapu ina kinga ambayo nimewawekea karibu watu wote wa mtaa wetu: namba ya siri ya ziada unayoichagua mwenyewe. Ukiwa nayo, hata mwizi akiipata namba ya uthibitisho, bado anakwama hapo. Ni kazi ya dakika mbili. Mke wangu sikumwekea. Aliniomba, nikamwambia simu yake bado haijawa tayari kwa jambo hilo. Ilikuwa tayari. Nilitaka mlango ubaki wazi, siku nikitaka kuingia niingie.

Basi Jumamosi moja asubuhi nikakutana na tangazo kwenye simu yangu. Lilisema, jua mwenzi wako anaongea na nani. Weka namba yake tu, kisha usikilize mazungumzo yake yote kwa lugha unayoielewa.

Kwa lugha ninayoielewa! Kama kuna mtu aliyekaa akaniwazia mimi peke yangu, asingeandika vizuri zaidi ya hapo.

Nitakueleza hatua kwa hatua, maana huenda tangazo la namna hiyo liko njiani linakuja kwako. Nilibonyeza. Ukurasa ukafunguka, safi, una alama ya kufuli na maneno ya watu wanaoshukuru. Ukaniomba namba ya simu ya mke wangu. Nikaandika. Ukasema tarakimu sita zitaingia kwenye simu yake, nizilete.

Mke wangu alikuwa uani na ndoo zake mbili. Simu yake ilikuwa juu ya kabati inachaji. Ikalia. Tarakimu sita ziko pale, na chini yake maneno yaleyale: usimpe mtu yeyote namba hii. Sentensi hiyo nimeisoma kwa sauti mbele ya watu wazima mpaka wameikariri kama sala. Siku ile niliiruka kwa macho, nikaiandika namba kwenye ule ukurasa.

Kisha ukurasa ukadai ada ndogo, kama bei ya soda, ilipwe kwa kadi ya benki. Kadi yangu ilikuwa mfukoni mwangu. Mkoba wa mke wangu ulikuwa unaning'inia nyuma ya mlango.

Nilichukua ya kwake. Nikaandika namba ndefu ya mbele, tarehe ya mwisho wa matumizi, na zile tarakimu tatu za nyuma. Simu yake ikalia tena, safari hii ni benki, tarakimu sita nyingine na onyo lingine.

"Baba, nani huyo anayetuma meseji?" aliniuliza kutoka uani.

Nikamjibu kwamba ni matangazo ya mtandao tu. Nikaziandika zile namba.

Kiduara kikazunguka, kikazunguka. Ukurasa ukawa mweupe. Kigogo sikukisikia, wala Kiswahili.

Mchana ule ule watsapu yake ikamtoa nje na kumwambia kwamba namba yake inatumika kwenye simu nyingine. Alidhani ni mtandao unasumbua. Mimi nilielewa palepale. Wezi walikuwa wameingia kwa namba niliyowapa, na sasa wameweka wao ile kinga ya ziada ambayo mimi nilimnyima. Ili kumrudisha ilibidi kusubiri wiki nzima.

Na kadi? Dawa ya kadi naijua. Unapiga simu benki papo hapo, kwa namba iliyoandikwa nyuma ya kadi yenyewe, si namba uliyookota mtandaoni, unawaambia waifunge. Dakika za mwanzo ndizo za thamani. Lakini benki wangeuliza namba ya uthibitisho ilitolewa na nani. Nikanyamaza Jumamosi yote. Nikanyamaza Jumapili.

Jumatatu mke wangu alikwenda kutoa pesa za kulipia friza. Alikuwa ameiwekea akiba muda mrefu, kwa sababu joto la huku kwetu na samaki havielewani, na siku basi likichelewa anauza kwa hasara. Mashine ikamwambia hakuna kitu. Benki walimsikiliza kwa upole, wakafunga kadi, wakamwambia manunuzi yalifanyika nje ya nchi na namba ya uthibitisho iliyotumika ni sahihi, hivyo kurudishiwa ni vigumu. Wakamuuliza kama kuna mtu alimpa. Akasema hapana. Alisema kweli.

Alirudi nyumbani akiwa amebeba viatu mkononi, sijui kwa nini. Aliniambia tu, "Friza imeondoka."

Hayo ndiyo niliyoyategemea. Yaliyofuata sikuyategemea.

Wale wezi walikuwa wanatumia jina lake na picha yake kuwaandikia watu: nimekwama, nisaidie kidogo, jioni narudisha. Na watu walimsaidia, kwa sababu ni yeye! Wateja wake wa samaki walituma. Wanawake wa kikundi chake walituma. Bibi mmoja jirani anayeuza vitumbua alituma mtaji wa unga. Jumatatu hiyo alasiri wakajaa sebuleni kwetu, hawajakasirika sana bado, wanataka kuelewa. Wakanigeukia mimi, maana ndiyo kazi yangu.

Nami nikawaeleza. Nikavuta kiti, nikatumia sauti ileile ya upole, ya kumtia mtu moyo. Nikasema mambo haya humpata mtu yeyote, si ujinga. Nikasema kwa kawaida mhusika hubonyeza linki bila kufikiri, kisha anatoa namba bila kujua. Nikamgeukia mke wangu mbele ya watu wote nikamuuliza, "Jaribu kukumbuka, mama. Ulibonyeza kitu gani?"

Niliona anavyojitafuta kichwani, siku baada ya siku, anatafuta kosa ambalo halipo.

"Labda nilibonyeza," akasema. "Sikumbuki. Labda nilibonyeza."

Bibi wa vitumbua akatikisa kichwa. "Mume mwalimu wa mambo haya, halafu wewe unalala darasani."

Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha kupunguza makali. Mke wangu naye akajaribu kucheka. Kisha akaichukua simu yake mezani, akaniwekea mapajani. Alisema nikae nayo mimi, yeye hana akili ya vitu hivi.

Nilikuwa nimeipata simu. Ndicho kitu nilichokitaka tangu mwanzo. Nikaishika pale mbele za watu kama mtu aliyekabidhiwa maiti.

Jioni yake simu hiyo ikaita, simu ya kawaida. Alikuwa mtu wa Mtera. Nikampa mke wangu, nikamwomba aweke spika, waongee Kiswahili nisikie, nikasingizia kwamba ni kwa ajili ya upelelezi. Yule bwana akamwambia kwamba yeye na wavuvi wenzake nao waliandikiwa wakiombwa pesa, na nyingi kuliko za wote. Wenzake walitaka kutuma. Yeye aliwazuia.

"Ilikuja kwa Kiswahili," alisema. "Nikawaambia, huyu si dada yetu. Dada yetu akiwa na shida atalia Kigogo."

Lugha ile niliyoionea wivu ndiyo iliyokuwa kufuli pekee lililobaki kwenye nyumba yangu.

Ungedhani hapo ningesema ukweli. Sikusema. Unajua nilihisi nini? Wivu zaidi! Kwamba yeye kamtambua mke wangu kutoka mbali, na mimi niliye naye ndani nimemuuza.

Watsapu iliporudi baada ya wiki, sauti za zamani zilikuwa bado zipo kwenye simu. Nikaibeba simu mpaka shuleni. Tuna mwalimu mwenzetu, Mgogo, mtu mzima asiye na maneno mengi. Nikamwekea sauti moja ndefu kuliko zote, ile ambayo mke wangu aliijibu akiwa ameegemea ukuta kwa kicheko, pamoja na jibu lenyewe. Nikamwomba anitafsirie.

Alisikiliza yote. Akaniambia mwanamume anasema kuna mvuvi kule bwawani kapigiwa simu na watu wa ushindi wa bahati nasibu, kawapa namba ya siri, sasa anataka kuwatumia wezi samaki wabovu kwa basi. Anauliza wajikinge vipi. Na mwanamke anajibu, anasema ngoja amuulize mume wake, huyo anafundisha mtaa mzima, hata kuku wa Ihumwa hawatoi tena namba zao za siri.

Mwenzangu akanirudishia simu. Hakuniuliza kwa nini sikumuomba mke wangu tafsiri. Aliniangalia tu, na kwa mtu mzima kama yule, kuangalia kulitosha.

Nikakumbuka kwamba kweli aliniuliza. Siku ileile ya kicheko aliingia ndani akaniuliza mtu wa Mtera na wenzake wajikinge vipi na wezi wa simu. Nilimjibu bila kuinua uso kwenye madaftari.

Nilimwambia mke wangu siku ile ile ya tafsiri, jua likiwa bado juu. Alikuwa uani kwenye samaki. Nilichuchumaa upande wa pili wa ndoo nikasema yote: tangazo, tarakimu sita, kadi, tarakimu sita nyingine, siku mbili za kunyamaza, na lile swali nililomuuliza mbele za watu. Kisu chake kiliendelea kupaa magamba mpaka nilipofika kwenye kadi. Hapo kikasimama.

"Kwa nini haikuwa kadi yako?" aliniuliza.

Ndugu yangu, nimeulizwa maswali mengi na wanafunzi. Hakuna lililofika mbali kama hilo. Jibu ninalo, na hata yeye analo: ndani kabisa nilijua ukurasa ule si wa kuaminika. Nilijua. Ndiyo maana sikutoa ya kwangu.

Hakupiga kelele. Alinawa, akafunga khanga vizuri, akapita nyumba kwa nyumba kuwaita wale wanawake. Aliwakaribisha sebuleni, kila mmoja akakaa palepale alipokaa mara ya kwanza. Kisha akaniambia, "Uliwaambia ni mimi. Waambie na hili."

Nikawaambia. Kiti nilikuwa nacho, lakini ile sauti yangu ya upole haikuja. Nilipomaliza, bibi wa vitumbua ndiye aliyeongea kwanza.

"Kumbe mwizi mwenyewe ndiye aliyekaa kitini akitufundisha," akasema. Kisha akamgeukia mke wangu, akamwomba radhi kwa lile neno la kulala darasani.

Nimewalipa wote, nimekopa kazini, na friza ninaendelea kuichangia. Hayo ni mepesi. Jina lake limerudi kwa watu, na Mtera samaki hawakukatika hata siku moja. Mtu wa Mtera nilimpigia mwenyewe kumuomba radhi. Aliniita shemeji, akasema basi nijifunze Kigogo. Ninajifunza. Wivu haujaisha wote, nisikudanganye, lakini sasa nikisikia anacheka natoka nje, nakwenda kumwagilia mizabibu yetu miwili mitatu, narudi.

Kwako unayesoma, nakuomba kwa upole uleule niliowahi kuwafundishia watu: hakuna programu itakayokusikilizisha mazungumzo ya mwenzako kwa namba yake ya simu tu. Iliyopo ni mtego, na chambo chake ni moyo wako. Wezi hawakuvunja kufuli lolote kwetu, walimtafuta mwenye donge, wakamwachia yeye kazi. Weka ile kinga ya ziada leo, na umwekee mwenzako, achague namba yake mwenyewe, wewe usiione. Kadi ikiguswa, piga simu benki dakika hiyo hiyo hata kama aibu ni yako. Na ukiwa na donge na mtu wako, muulize. Akikujibu, mwamini, au umwambie kwamba umeshindwa kumwamini. Ni rahisi kuliko nilivyofanya mimi.

Mke wangu yupo. Hatujaachana, tunakula sahani moja. Ile kinga ya ziada aliwekewa na bibi wa vitumbua, ambaye nilimfundisha mimi, na aliiweka bila kukosea hatua hata moja. Nilifurahi, na iliniuma.

Ila meseji ikiingia akiwa kwenye samaki, haniiti tena. Anakiweka kisu chini, ananawa kwa sabuni na ndimu, anajifuta kwenye khanga kidole kimoja kimoja. Kisha ananigeuzia mgongo, anaisoma mwenyewe.